Mlango Mwembamba wa Kikuyu: Alliance Yatimiza Miaka 100

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa siku ya wazazi katika shule moja ya kutwa huku kwetu Kilifi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikirefusha pale ambapo muda ulinibana.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliokaa chini ya mwembe kwa kuwa viti vimewaendea wageni, hamjambo.

Niliambiwa nichague mada yoyote itakayowapa vijana moyo. Nimechagua kuzungumzia shule ambayo hakuna hata mmoja wenu anayesoma, na sababu yake nitaisema mapema. Januari mwaka huu, watoto wa kwanza wa gredi ya 10 walipopangiwa sekondari pevu, nilipita nyumba tatu hapa mtaani nikakuta matanga. Hakuna aliyekufa. Mtoto kapangiwa shule ya kutwa, basi. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, tumeaibika." Na mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, anasikia. Aliitua ile ndoo polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, akatoka. Sijalisahau lile tendo la kutua ndoo.

Wazazi wanaolia hivyo huwa na picha ya shule fulani kichwani. Yupo atakayetaja Mang'u, yupo atakayetaja Maseno, lakini mara nyingi jina la kwanza kutajwa ni Alliance, ile ya wavulana iliyoko Kikuyu, kilomita kama 20 kutoka Nairobi. Tarehe 1 Machi mwaka huu wa 2026 imetimiza miaka 100. Nimeifundishia habari zake kwa miaka mingi bila kuwahi kuwa mwanafunzi wake, na naiheshimu kwa dhati. Ndiyo maana nataka tuijue jinsi ilivyokuwa hasa, tusiijue kwa uvumi.

Tuanze na jina. Alliance maana yake ni muungano, na waliokuwa wakiungana ni wamisionari wa Kiprotestanti: Waskoti wa Thogoto, karibu na Kikuyu, Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), watu wa Africa Inland Mission, na Wamethodisti. Mwaka 1913 walikutana Kikuyu kuzungumzia namna ya kushirikiana, na mkutano ulipokwisha wakashiriki meza moja ya Bwana katika kanisa la Waskoti, askofu Mwanglikana akiongoza ibada. Leo jambo hilo halimshtui mtu. Wakati ule lilitikisa kanisa hadi Uingereza, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa jirani yetu hapa pwani, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliyewashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Muungano wenyewe ulikuja kuundwa mwaka 1918, makanisa yakabaki kila moja na njia yake. Kuungana kuwa kanisa moja kuliwashinda. Kujenga shule pamoja kuliwezekana.

Pale Thogoto, kwenye misheni hiyohiyo, mwaka 1909 alikuwa amefika kijana mmoja akitafuta kusoma. Akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone Kamau. Ndiye Jomo Kenyatta. Alliance ilipofunguliwa yeye alikuwa mtu mzima tayari, kwa hiyo rais wa kwanza wa nchi hii hakupita kwenye mlango ule. Liwekeni akilini hilo, wazazi.

Mwaka 1924 ilifika tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuangalia elimu ya Waafrika. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, aliamini mfano wa kuigwa ni Hampton na Tuskegee, vyuo vya Wamarekani weusi ambako useremala na kilimo vilipewa nafasi kubwa. Ndani ya tume alikuwemo Mwafrika mmoja, James Aggrey kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, yule wa mfano wa tai aliyelelewa na kuku hadi akasahau kuwa anaweza kuruka. Aggrey alifariki mwaka 1927, na bweni moja la Alliance likapewa jina lake. Bweni jingine linaitwa Livingstone. Mvulana aliweza kulala Aggrey huku rafiki yake akilala Livingstone, na kengele ya asubuhi ikawaamsha pamoja.

Shule ilianza Machi 1926 na wavulana ambao chumba kimoja cha darasa kingewatosha wote, mkuu wake wa kwanza akiwa G. A. Grieves. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana sifa ya Alliance chimbuko lake ni hapa. Koloni nzima ya Kenya, kuanzia Lamu hadi Busia, kijana Mwafrika aliyetaka elimu ya sekondari alikuwa na milango ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na bado vidole vikabaki. Wakatoliki walikuwa wamefungua yao Kabaa mwaka 1925, ambayo baadaye ilihamia Mang'u. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao. Prince of Wales ilifunguliwa mwaka 1931, ndiyo Nairobi School ya leo, kisha ikaja Duke of York, ndiyo Lenana. Watoto wa Wahindi walikuwa na zao. Sisi tulikuwa na tundu la sindano.

Sasa ukichuja nchi nzima kwa tundu la sindano, atakayepita atakuwa nani? Eliud Mathu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo, akarudi kufundisha palepale, akaenda Fort Hare kule Afrika Kusini, kisha Oxford, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mbiyu Koinange aliondoka hapo kwenda Hampton. James Gichuru alisoma hapo, akafundisha hapo, akaja kuongoza chama cha KAU kabla ya kumwachia Kenyatta uongozi mwaka 1947. Oginga Odinga alipita. Julius Kiano alipita. Jeremiah Nyagah alipita. Bunge na baraza la mawaziri la uhuru lilipokaa, wengi walikuwa wamekwisha kujuana tangu walipokuwa na kaptura za kaki.

Wa kwetu alikuwemo pia. Ronald Ngala, mtoto wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, alisoma Alliance kabla ya Makerere, akarudi kuwa mwalimu, akaongoza Shule ya Buxton pale Mombasa, na mwaka 1960 akawa kiongozi wa chama cha KADU. Wazee wa huku wanapomtaja Ngala husema kwanza kwamba alikuwa mwalimu. Napenda wanavyoanzia hapo.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema shule ile ina udongo wa ajabu, huwa namuuliza: kama wangekuwa na shule 20 za namna ile mwaka 1926, tungekuwa na akina Mathu wangapi? Uhaba ulifanya kazi kubwa. Anayeisifu Alliance bila kuutaja uhaba anawaonea wale maelfu waliobaki nje, na wengi wao hawakuwa wajinga hata kidogo.

Ila uhaba peke yake hauwashi taa. Ndani ya lango lile kulikuwa na watu waliofanya kazi, na mmoja wao lazima nimzungumzie kwa kirefu.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alisoma William Ellis, shule ya wavulana ya kaskazini mwa jiji, akapigana Vita Kuu katika kikosi cha mizinga, kisha akawa mhadhiri wa hesabu Cambridge, katika chuo cha Peterhouse. Kwa mwenye kichwa cha hesabu, hapo ndipo kilele cha mti. Mwaka 1928 akashuka mwenyewe, akaja Maseno kufundisha wavulana wa shule ya misheni. Mwaka 1940 akahamishiwa Alliance, akaiongoza miaka 22. Hakuoa. Shule ndiyo ilikuwa nyumba yake.

Alikuwa mkali. Asubuhi wavulana walipanga mstari na kukaguliwa, mabweni yakafagiliwa na kuoshwa na wanafunzi wenyewe, ibada, masomo, kazi za mikono, michezo, kisha masomo ya jioni. Kila mwaka tangu miaka ya 1950 mwanzoni walicheza tamthilia ya Shakespeare. Tabora School kule Tanganyika, nayo ya wavulana wateule, ilimlea Julius Nyerere, ambaye baadaye alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa rais. Huwa nalitafakari sana hilo. Shule za namna hii ziliwapa vijana wetu lugha ya wakubwa, na wachache kati yao wakaigeuza ikazungumza nasi.

Carey Francis alikuwa na mipaka yake pia, nami siwezi kuwaficha. Aliamini elimu ya Kiingereza na dini yake ndiyo njia, na harakati za Mau Mau alizipinga waziwazi. Lakini ukatili wa askari wa serikali nao aliulaumu, wakati ambapo Mzungu kusema hivyo hakukumletea marafiki. Wanafunzi wake wa zamani, hata waliokuja kukataa mengi aliyoyaamini, walimzungumzia kwa heshima hadi uzeeni.

Miongoni mwao ni mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka jana. Aliingia Alliance Januari 1955, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa wakati wa Mau Mau. Hebu mwoneni kijana huyu stesheni ya Limuru na sanduku lake. Kutoka Limuru hadi Kikuyu si mbali, ni mteremko wa reli tu. Lakini Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kusafiri bila kibali, naye hakuwa nacho. Treni ya abiria ikaja, wenzake wakapanda, ikaondoka, yeye akabaki amesimama na sanduku. Mtumishi mmoja wa stesheni akamwonea huruma, akampakia kwenye treni ya mizigo. Mwandishi ambaye dunia nzima ingekuja kumsoma alifika shule bora kuliko zote nchini akiwa kati ya shehena.

Na muhula ulipokwisha, akarudi nyumbani na sare yake, akafika mahali palipokuwa na kijiji chao, akakuta hapana kijiji. Nyumba ya mama yake imebomolewa. Watu wamehamishiwa kwenye kijiji kipya kilichopangwa na serikali, chini ya ulinzi. Kaka yake yuko msituni na wapiganaji. Aliondoka darasani kwenye Shakespeare akaingia kwenye kifusi, kisha akarudi tena darasani. Miaka minne aliishi hivyo. Naomba kila mwalimu aliye hapa akumbuke kwamba mtoto anayekaa mbele yako Jumatatu asubuhi, wewe hujui ametoka kwenye kifusi gani.

Kaulimbiu ya Alliance ni kuwa na nguvu ili kutumikia. Ni maneno mazuri, lakini yanaacha swali wazi: kumtumikia nani? Vijana wa lango lile walilijibu kila mtu kwa namna yake, na majibu yao yaligongana. Charles Njonjo, mwanafunzi wa zamani, alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu uhuru hadi mwaka 1980. Jean-Marie Seroney, mwanafunzi wa zamani, alikuwa naibu spika mwaka 1975. Mbunge Martin Shikuku alipolalamika bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua bunge kama walivyokiua chama tawala cha KANU, na wabunge wakamtaka atoe ushahidi, Seroney kutoka kwenye kiti chake alijibu kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa hapohapo bungeni wakawekwa kizuizini. Na siku ya mwisho ya mwaka 1977 akachukuliwa Ngũgĩ, akakaa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima, akaandika riwaya kwa Kikikuyu kwenye karatasi za chooni. Njonjo, Seroney na Ngũgĩ walikula ugali wa jiko moja. Shule iliwapa wote ufasaha na ujasiri. Dhamiri kila mmoja aliibeba kutoka kwao.

Baada ya uhuru milango iliongezeka, na hapo nakwenda haraka. Wasichana walikuwa wamepata yao hapohapo Kikuyu mwaka 1948, ile inayoitwa sasa Alliance ya wasichana. Harambee zikajenga shule kila tarafa. Ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, magazeti yakaanza kupanga shule kwa nambari kila matokeo ya KCSE yanapotoka, na Alliance ikawa juu mwaka baada ya mwaka. Wenyewe huiita Bush, kwa mapenzi, kwa sababu ya vichaka vilivyoizunguka zamani. Lakini kumbukeni hesabu yake. Ukiwachukua watoto waliokwisha kuongoza mtihani wa darasa la nane kutoka kila kaunti, ukawaweka pamoja, ukawapa maabara na walimu kamili, wakafaulu, umefanya vyema. Bado hujafanya muujiza. Mwalimu aliyempokea mtoto wa alama 180 akamfikisha chuo cha ufundi hajawahi kupigwa picha na gazeti lolote, nami namjua, amekaa pale safu ya tatu.

Waingereza wenyewe, ambao tuliwaiga, walibishana sana juu ya hili. Kwao shule za grammar zilichagua watoto kwa mtihani wakiwa na miaka 11 tu, na waliobaki wakapelekwa kwingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyingi zilibadilishwa ziwe za watoto wote, kwa kuwa watu waliona si haki kumwandikia mtoto maisha yake akiwa na umri huo. England zimebaki 163, na mabishano hayajaisha.

Niwaambie habari ya nyumbani. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alifaulu mtihani wake kabla tu ya uhuru, akaitwa shule moja kubwa ya bara. Barua ilifika. Karo haikupatikana, nauli haikupatikana, na babu alikuwa kitandani. Barua ile ilitiwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia pamoja na risiti za kodi ya kichwa. Mjomba akawa mgema. Alipanda minazi hadi magoti yakamkataa. Jioni watu walimjia na barua za serikali awasomee, awaandikie majibu, awapigie hesabu za mauzo ya nazi, naye alizipiga kwa kichwa huku anafuta mbuu yake, kibuyu cha kugemea tembo. Nilipoingia chuo cha ualimu alinipa kopo lile. Barua ilikuwa imekuwa rangi ya chai, na kwenye mikunjo imetoboka kwa kufunguliwa mara nyingi. Hakunisimulia kwa uchungu. Alisema, "Mjomba, walinichagua. Soma hapo, jina ni langu."

Mzee yule aliishi miaka 50 na zaidi akiamini kwamba thamani yake iliandikwa kwenye ile karatasi. Sisi tuliomzunguka tulikuwa tukiiona thamani yake kila jioni barazani, na hakuna aliyefikiria kumwambia. Mimi ni mmojawapo, na linaniuma hadi leo.

Sasa nimrudie Carey Francis, kwa sababu bado sijawaambia alivyomaliza. Mwaka 1962 alistaafu Alliance. Angeweza kurudi Uingereza kwa heshima zote, wanafunzi wake wakiwa karibu kushika serikali. Alikwenda Pumwani, Nairobi. Wenye ndugu Majengo mnapajua Pumwani: mitaa ya Waswahili tangu wakati wa mkoloni, vyumba vya kupanga, msikiti, biashara ya barabarani. Pale palikuwa na shule ya sekondari changa ya watoto wa mtaani hapo, na yule aliyekuwa mhadhiri wa Cambridge, mkuu wa shule yenye jina kubwa kuliko zote nchini, akaingia akiwa mwalimu wa kawaida, mwenye vipindi, vitabu vya kusahihisha na mkuu wa shule juu yake. Alifundisha pale hadi alipofariki mwaka 1966.

Mtu huyo alikijua kilichokuwa ndani ya lango la Alliance kuliko yeyote aliye hai. Na alipobakiwa na miaka michache ya nguvu, alikipeleka Pumwani.

Mama niliyemkuta na kilio Januari yuko hapa leo, na kijana wake yuko chini ya mwembe. Nimezungumza na mwalimu mkuu. Kile chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu kimesafishwa, na mafundi wawili kati yenu, wazazi, wameahidi rafu. Mimi nimestaafu, nina Jumatano zangu zote. Kuanzia wiki ijayo saa kumi jioni nitakuwa humo na madaftari ya insha, na barua ya mjomba nitaitia kwenye fremu niitundike ukutani. Vijana, njooni na kalamu. Wazazi, saa kumi na mbili na nusu giza huwa limeingia, kwa hiyo naomba tupange leo, kabla hatujatawanyika, nani atawasindikiza watoto wa ng'ambo ya mto.